Kijiko Kimoja cha Kiowevu: Ufungaji wa Klachi ya Haidroliki katika Ubadilishaji wa Giaboksi na Msamiati Wake katika Mpaka wa Tororo na Busia

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna klachi ya haidroliki inavyofungwa gari la gia za otomatiki linapobadilishwa kuwa la gia za mkono, yakizingatia mazingira ya gereji za Nagongera, Tororo na Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Yanaonyesha kwamba mfumo mzima hutegemea ujazo mdogo wa kiowevu, wa takriban kijiko kimoja cha chai kwa kila mkanyago, na kwa hiyo kosa dogo la kipimo, la hewa au la aina ya kiowevu hutosha kuiharibu kazi. Aidha, makala yanahoji kwamba upungufu mkubwa wa Kiswahili cha gereji hauko katika majina ya vifaa, ambayo mafundi wanayo tayari, bali katika maneno matatu ya kila siku yenye maana mbilimbili: *mafuta*, *shika* na *achia*. Yanapendekeza namna ya kuyatenganisha maana hizo katika kazi na katika mafunzo.

Maneno muhimu: klachi ya haidroliki, giaboksi, istilahi za ufundi, Kiswahili cha gereji, Tororo, Busia

1.0 Utangulizi

Nagongera ni mji mdogo wa Wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, kwenye njia ya reli itokayo Tororo kuelekea Jinja na Kampala. Mashariki na kusini mwake kuna vivuko vya Malaba na Busia, ambavyo ni milango miwili ya Ushoroba wa Kaskazini, njia ya biashara inayoanzia bandari ya Mombasa. Katika eneo hili Kipadhola, Kiteso, Kisamia na Kiganda hukutana kila siku, na Kiswahili hutumika kuwaunganisha watu wa pande mbili za mpaka, hasa sokoni, barabarani na gereji.

Magari mengi madogo ya eneo hili yaliletwa yakiwa yametumika, na mengi yalitoka Japani, nchi ambayo usukani wake huwa kulia kama ilivyo Kenya na Uganda. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka 8, na Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 kwa sheria ya mwaka 2018. Hata hivyo, umri wa kuingia nchini si umri wa kutumika. Gari huendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya kuvuka mpaka, na giaboksi yake ya otomatiki huchakaa likiwa mikononi mwa mmiliki wa tatu au wa nne. Kuitengeneza giaboksi hiyo hudai vipuri na vifaa vya kupimia ambavyo gereji nyingi za miji midogo hazina. Mmiliki hushauriwa kuiondoa na kuweka ya mkono, ambayo vipuri vyake hupatikana katika masoko kama Kisekka mjini Kampala au eneo la Grogan jijini Nairobi.

Kazi hiyo huelezwa kwa maneno machache, kuwa ni “kutoa giaboksi hii na kuweka ile”. Lakini sehemu inayowashinda wengi si giaboksi yenyewe. Ni klachi, kifaa ambacho gari la otomatiki halikuwa nacho kabisa na ambacho sasa lazima kijengwe upya kuanzia pedali hadi beringi. Klachi isiyoachia sawasawa katika foleni ya malori ya Malaba humfanya dereva alisukume gari la mbele yake akiwa amekanyaga pedali hadi mwisho. Klachi isiyoshika humwacha na abiria katikati ya kilima. Kwa sababu hiyo suala hili ni la usalama kabla ya kuwa la ufundi au la lugha.

2.0 Yanayobadilika gari linapotoka otomatiki kwenda mkono

Katika gari la otomatiki, nguvu ya injini hupita katika konvata, chombo cha mviringo kilichojaa mafuta ya giaboksi, na dereva hahitaji kuitenga injini na magurudumu kwa mguu wake. Konvata hufungwa kwenye bamba jembamba la chuma lililoko nyuma ya krenki. Giaboksi ya mkono haiwezi kufanya kazi na bamba hilo. Huhitaji flaiwili, yaani gurudumu zito lenye uso bapa ambao sahani ya klachi hubanwa juu yake. Bolti za flaiwili mara nyingi huwa na urefu tofauti na za bamba la konvata, hivyo za zamani hazifai kutumika bila kupimwa.

Mwishoni mwa krenki pia huwekwa beringi ndogo ya kushikilia ncha ya shafti ya giaboksi. Katika injini nyingi zilizotoka kiwandani na otomatiki, nafasi ya beringi hiyo huwa tupu. Fundi asiyeijua huifunga giaboksi bila beringi, na baada ya muda mfupi shafti huanza kuyumba, ikila sahani ya klachi na kutoa mlio ambao chanzo chake hakionekani kwa nje.

Propela shafti hubadilishwa au kukatwa kwa sababu urefu wa giaboksi mbili haulingani. Kiegemeo cha giaboksi husogezwa. Nyaya za swichi inayozuia gari kuwaka likiwa ndani ya gia huunganishwa upya, ikiwezekana kupitia swichi ya pedali ya klachi, ili gari lisiwake bila pedali kukanyagwa. Nyaya za taa za kurudi nyuma huhamishiwa kwenye swichi ya giaboksi mpya. Haya yote huonekana kwa macho na hukaguliwa kwa mkono. Mfumo wa haidroliki ni tofauti, kwani unaweza kuonekana mzima kwa nje huku haufanyi kazi.

3.0 Kanuni: kijiko kimoja cha kiowevu

Klachi ya haidroliki ina silinda mbili. Ya kwanza hukaa juu, nyuma ya pedali, kwenye ukuta unaotenga injini na chumba cha dereva. Ya pili hukaa chini, ubavuni mwa giaboksi. Mafundi huziita kwa majina yaliyotoholewa, masta na slevu. Makala haya yanatumia *silinda ya juu* na *silinda ya chini*, majina yanayoeleza mahali pa kuzitafuta. Bomba lililojaa kiowevu huziunganisha. Dereva anapokanyaga pedali, fimbo husukuma pistoni ya silinda ya juu, kiowevu husukuma pistoni ya silinda ya chini, nayo husukuma uma wa klachi. Uma huisogeza beringi ya klachi, na beringi hubonyeza vidole vya springi vya sahani ya mgandamizo. Hapo sahani ya klachi hupata nafasi na injini hutengana na giaboksi.

Kanuni inayotawala mfumo huu ni ile ya Blaise Pascal, mwanasayansi wa Ufaransa wa karne ya 17: shinikizo linalowekwa katika kiowevu kilichofungiwa huenea kwa usawa kila upande. Kwa kuwa kiowevu hakigandamiziki kwa kiasi kinachoonekana, ujazo unaotoka juu ndio unaofika chini. Mfano wa hesabu unaonyesha maana yake.

Chukulia pedali yenye uwiano wa 6 kwa 1, inayoshuka milimita 150. Fimbo itaingia milimita 25. Kama silinda ya juu ina kipenyo cha milimita 15.87, eneo la pistoni ni milimita mraba 198, na ujazo unaosukumwa ni mililita 4.9, yaani kijiko kimoja cha chai. Kama silinda ya chini ina kipenyo cha milimita 20.64, eneo lake ni milimita mraba 335, na pistoni yake itatoka milimita 14.8. Uma wenye uwiano wa 2 kwa 1 utaisogeza beringi milimita 7.4. Mwendo wote wa mguu, sentimita 15, umeishia kuwa chini ya sentimita moja.

Kilichopotea katika mwendo kimerudi katika kani. Mguu ukisukuma kwa newtoni 100, ambazo ni karibu uzito wa kilo 10, fimbo hupata newtoni 600. Shinikizo ndani ya bomba hufikia megapaskali 3, takriban mara 30 ya shinikizo la hewa. Silinda ya chini husukuma kwa newtoni zipatazo 1,000, na beringi kwa newtoni zipatazo 2,000. Hakuna kilichoongezwa bure. Mwendo umebadilishwa kuwa kani, na fundi anayetaka zaidi ya kimoja lazima apunguze kingine.

Hapa ndipo vipuri vya kuchanganya huleta hasara. Tuseme silinda ya juu ya gari husika haikupatikana, ikawekwa nyingine yenye kipenyo cha milimita 19.05. Kwa macho tofauti ni ya milimita tatu tu. Lakini eneo la pistoni sasa ni milimita mraba 285, na ujazo ni mililita 7.1. Beringi itasogea zaidi ya milimita 10 badala ya 7.4, mwendo unaoweza kuvibonyeza vidole vya springi kupita kiasi. Wakati huohuo, mguu utalazimika kusukuma kwa newtoni zaidi ya 140 kupata kani ileile. Dereva atalalamika kwamba pedali ni nzito, fundi atahisi sahani ya mgandamizo ndiyo mbovu, na wote wawili watakuwa wamekosea. Ushauri unaofuata ni rahisi: pedali, silinda zote mbili, uma, beringi na sahani ya mgandamizo zitoke katika gari moja la gia za mkono la muundo uleule. Isipowezekana, kipenyo cha silinda, ambacho mara nyingi huandikwa kwenye mwili wake, kisomwe kabla ya kununua.

4.0 Hatua za ufungaji

4.1 Pedali na silinda ya juu

Pedali pana ya breki ya gari la otomatiki hutolewa ili kupisha jozi ya pedali mbili. Magari mengi ambayo kiwanda kilitengeneza kwa aina zote mbili za gia huwa na alama au kifuniko kwenye ukuta wa injini, mahali pa silinda ya juu. Pasipo na alama, tundu hutobolewa kwa kufuata mstari wa fimbo, kwa sababu fimbo inayosukuma kwa mshazari huila pistoni upande mmoja na kuanzisha uvujaji.

Bati la ukuta likiwa jembamba, huimarishwa kwa bamba la chuma. Sababu yake iko katika hesabu iliyotangulia. Fimbo ina milimita 25 tu za kutumia, hivyo ukuta ukipinda milimita 3 kila pedali inapokanyagwa, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwendo hupotea kabla kiowevu hakijasogea.

Fimbo huachiwa mwanya mdogo kabla ya kugusa pistoni. Mwanya huo una kazi. Ndani ya silinda ya juu kuna kitundu kinachounganisha bomba na chupa ya kiowevu pedali ikiwa juu. Kiowevu kikipata joto na kutanuka, hurudi chupani kupitia kitundu hicho. Fimbo ikirefushwa kupita kiasi, pistoni hukaa mbele na kukiziba. Kiowevu kilichotanuka hukosa njia, huisukuma silinda ya chini pole pole, na klachi huanza kuteleza gari likipata moto ingawa asubuhi lilikuwa zima. Fundi asiyejua sababu hii hubadilisha sahani ya klachi, na tatizo hurudi.

4.2 Bomba

Kutoka silinda ya juu hadi karibu na giaboksi hutumika bomba la chuma. Kipande cha mwisho huwa cha mpira, kwa kuwa injini hutikisika juu ya viegemeo vyake ilhali mwili wa gari umetulia. Bomba gumu likiunganishwa moja kwa moja na giaboksi, litapasuka kwa uchovu. Ncha za bomba hutanuliwa kwa kifaa maalumu ili zikae vizuri katika viungo vyake. Magari ya Japani kwa kawaida hutumia nati zenye uzi wa milimita 10 kwa hatua ya milimita 1. Nati ya uzi mwingine inaweza kuingia mizunguko miwili na kuonekana imekaza, kumbe inauharibu uzi wa silinda.

Bomba hupitishwa mbali na ekzosi, na lisiwe na sehemu iliyopinda kwenda juu kisha kushuka. Hewa hupanda, na kila mpindo wa namna hiyo ni chumba cha kuihifadhi.

4.3 Silinda ya chini

Silinda ya chini hufungwa skrubu ya kutolea hewa ikiwa juu. Katika ubadilishaji, silinda ya upande wa pili au ya gari jingine huweza kuingia katika bolti zake ikiwa imegeuka, skrubu ikawa chini na bomba juu. Silinda ya hivyo haitatoka hewa hata kiowevu kikitumika chupa nzima.

Baada ya kufunga, fundi hukagua pistoni imekaa wapi pedali ikiwa juu. Sahani ya klachi inapochakaa, vidole vya springi husogea kuelekea giaboksi na kuirudisha pistoni ndani ya silinda yake. Pistoni isipokuwa na nafasi ya kurudi, klachi itateleza kabla sahani haijaisha. Ikiwa imetoka mno, inaweza kupita mwisho wa silinda siku dereva atakapokanyaga kwa nguvu. Yote mawili hutokana na beringi au sahani ya mgandamizo isiyolingana na uma.

5.0 Kiowevu, na tatizo la neno “mafuta”

Klachi ya haidroliki ya magari mengi ya Japani hutumia kiowevu cha breki cha daraja la DOT 3 au DOT 4. Kiowevu hiki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 kikiwa kipya huchemka kwa nyuzijoto zisizopungua 205 za Selsiasi, lakini kikishanyonya maji kiwango hicho cha chini hushuka hadi 140. DOT 4 huanzia 230 na kushuka hadi 155. Chupa iliyofunguliwa na kuachwa kwenye rafu ya gereji msimu mzima wa mvua haifai tena.

Kikemikali, kiowevu cha breki si mafuta. Huchanganyika na maji, na mipira ya ndani ya silinda imetengenezwa kustahimili kiowevu hicho. Oili ya injini au mafuta ya giaboksi ya otomatiki yakimiminwa humo, mipira huvimba na kulegea. Kwanza pedali hurudi pole pole, kisha hairudi kabisa, na hapo mfumo mzima hulazimika kufunguliwa na mipira yote kubadilishwa.

Lugha ina sehemu yake katika kosa hili. Kwa Kiswahili cha kila siku, *mafuta* ni petroli, ni dizeli, ni oili, ni ya kupikia, na pia, kwa jina lililozoeleka, ni “mafuta ya breki”. Agizo la “ongeza mafuta ya klachi” halimwambii mwanagenzi kwamba chupa anayopaswa kuichukua si mojawapo ya yale mafuta mengine yaliyo karibu naye. Hatari huzidi katika magari ambayo klachi na breki hutumia chupa moja ya kiowevu. Kosa lililofanywa kwa ajili ya klachi huweza kuingia katika breki, na klachi mbovu hulisimamisha gari lakini breki mbovu hazilisimamishi. Kwa sababu hiyohiyo, chupa za pamoja zilizotengenezwa vizuri huwa na tundu la klachi juu kuliko ya breki, ili klachi ikivuja isizikaushe breki. Fundi anayetoboa chupa ya breki ili kuipa klachi njia lazima afuate mpangilio huo. Iliyo salama zaidi ni chupa ya peke yake.

Jina *kiowevu cha breki* lina sifa mbili: halimo katika orodha ya mafuta, na linaelekeza kwenye chupa yenye maandishi ya DOT. Katika mafunzo linastahili kuchukua nafasi ya jina lililozoeleka.

6.0 Kutoa hewa, na maneno “shika” na “achia”

Hewa hugandamizika. Katika shinikizo la mfano uliotangulia, kipovu cha mililita moja husinyaa hadi karibu sehemu moja ya thelathini ya ujazo wake, na hivyo hula takriban mililita nzima ya kiowevu kilichosukumwa. Katika mililita 4.9, hiyo ni sehemu moja ya tano. Beringi iliyopaswa kusogea milimita 7.4 husogea chini ya 6. Mara nyingi klachi huwa karibu kuachia lakini haiachii. Gia huingia kwa kukwaruza, na gia ya nyuma ndiyo hulalamika kwanza.

Hewa hutolewa na watu wawili, mmoja kwenye pedali na mwingine chini ya gari. Aliye kwenye pedali hukanyaga hadi mwisho na kubaki hapo. Aliye chini hufungua skrubu, kiowevu chenye vipovu hutoka kupitia mpira mdogo uliotumbukizwa katika chupa yenye kiowevu, kisha huifunga. Baada ya kufungwa tu ndipo pedali huinuliwa. Mzunguko hurudiwa hadi vipovu viishe, huku chupa ya juu ikijazwa kabla haijakauka. Pedali ikiinuliwa skrubu ikiwa wazi, pistoni huweza kuvuta hewa na kazi huanza upya.

Watu hawa wawili hawaonani. Kinachowaunganisha ni sauti tu, na mara nyingi lugha zao za nyumbani si moja. Usahihi wa kazi kwa hiyo hutegemea maneno, na hapo maneno mawili ya kawaida huleta utata. Dereva anapoambiwa “shika klachi”, anaelewa kwamba akanyage pedali. Lakini fundi anaposema “klachi haishiki”, anamaanisha kwamba sahani haibanwi na inateleza. Kushika pedali ni kuiachisha sahani. Kitenzi kimoja kimebeba hali mbili zinazopingana. Vivyo hivyo, “achia” iliyosemwa kutoka chini ya gari inaweza kueleweka kuwa “inua mguu”, ilhali msemaji anatangaza kwamba sasa anaiachia skrubu.

Suluhisho halihitaji istilahi mpya. Linahitaji kila neno lipewe kitendo kimoja na mtu mmoja. Aliye chini huagiza “kanyaga”. Aliye juu hujibu “nimekanyaga” na kubaki hapo. Aliye chini hutamka “nafungua”, kisha “nimefunga”, na hatimaye “inua”. Maneno *shika* na *achia* huachwa kabisa wakati wa kutoa hewa na kubakizwa kwa ajili ya kueleza hali ya sahani. Jibu la “nimekanyaga” ni muhimu sawa na agizo lenyewe, kwa kuwa ndilo linalomwambia aliye chini kwamba shinikizo lipo.

7.0 Majaribio kabla ya gari kutoka

Jaribio la kwanza ni la kuachia. Injini ikiwa inanguruma polepole, pedali hukanyagwa, husubiriwa sekunde chache, kisha gia ya nyuma huingizwa. Ikikwaruza, mwendo wa beringi hautoshi au shafti ina tatizo. La pili ni la kudumu: gia ikiwa ndani, pedali huendelea kukanyagwa dakika mbili mahali tambarare. Gari likianza kusogea lenyewe ilhali hakuna kiowevu kilichovuja nje, mipira ya silinda ya juu inapitisha kiowevu ndani kwa ndani. Kasoro hii ndiyo itakayoonekana foleni ya mpakani ikiwa haikuonekana gereji.

La tatu ni la kushika. Gari huendeshwa kilimani kwa gia ya juu na mzigo. Mlio wa injini ukipanda bila mwendo kuongezeka, sahani inateleza. Hufanywa gari likiwa limepata moto, kwa sababu kosa la fimbo ndefu hufichika likiwa baridi. La nne ni ukaguzi wa kiowevu siku ya pili: kiwango katika chupa hakipaswi kuwa kimeshuka.

8.0 Majina ya vifaa na majina ya mahusiano

Mjadala wa istilahi za Kiswahili mara nyingi hujikita katika kutafuta majina ya vifaa. Kwa klachi ya haidroliki, mafundi hawana njaa ya majina hayo. *Klachi*, *giaboksi*, *pedali*, *beringi* na *silinda* zimeshakuwa Kiswahili, na mteja anayesafiri kutoka Nagongera hadi Kisekka au Grogan ataeleweka akizitamka. Kuzifuta na kuleta nyingine kungewatenga mafundi na soko lao.

Kinachokosekana ni uzoefu wa kuyatamka mahusiano: *uwiano* wa pedali, *mwendo* wa pistoni, *mwanya* wa fimbo, *ujazo* wa kiowevu, *shinikizo* la bomba. Maneno haya yote yapo katika Kiswahili sanifu, lakini hukaa katika vitabu vya sayansi huku vifaa vikikaa gereji. Mwanafunzi anayekariri kanuni ya Pascal darasani na mwanagenzi anayekanyaga pedali bila kujua kwa nini hewa ni adui wake wanasoma somo moja katika vyumba viwili visivyo na mlango kati yake.

Eneo hili lina nafasi ya pekee ya kuufungua mlango huo. Chuo Kikuu cha Busitema kina kitivo cha uhandisi katika kampasi yake ya Busitema, Wilaya ya Busia, na kitivo cha sayansi na elimu kinachoandaa walimu katika kampasi ya Nagongera. Wahandisi, walimu wa fizikia na gereji ziko katika barabara zilezile. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha utekelezaji wa Kiswahili kuwa lugha rasmi, na utekelezaji huo utakuwa na uzito zaidi ukianza na maarifa ambayo watu wanayahitaji mikononi mwao. Karatasi moja ya kubandikwa ukutani, yenye mchoro wa silinda mbili, hesabu ya kijiko kimoja, jina la kiowevu na maagizo ya kutoa hewa, ingeweza kutumika darasani na gereji bila kubadilishwa neno.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ufungaji wa klachi ya haidroliki katika gari lililobadilishwa giaboksi hufaulu pale tu vipimo vya silinda vinapolingana, ukuta wa pedali unapokuwa imara, fimbo inapokuwa na mwanya, kiowevu kinapokuwa cha breki na hewa inapokuwa imetoka yote. Kila sharti kati ya hayo hulinda kijiko kilekile cha kiowevu. Imeonyeshwa pia kwamba masharti mawili ya mwisho huvunjwa kwa urahisi na maneno yenye maana mbili, na kwamba tiba yake ni kuyagawia maneno yaliyopo kazi zake badala ya kubuni mapya. Inapendekezwa kwamba vyuo vya ufundi na vya ualimu vya pande zote mbili za mpaka viandae kwa pamoja maelezo mafupi ya kazi kama hii kwa Kiswahili, na kwamba mafundi washirikishwe kuyajaribu kabla hayajachapishwa: mmoja akiwa kwenye pedali, mwingine chini ya gari, na maneno yaliyoandikwa yakiwa ndiyo pekee wanayoruhusiwa kuambiana.